Kahawa, Miraa na Hekalu: Mashtaka Manne dhidi ya Wamormoni

Katika nyanda za mashariki mwa Mlima Kenya, kuanzia mashamba ya Manyatta na Runyenjes katika Kaunti ya Embu hadi Imenti, Tigania na Igembe katika Kaunti ya Meru, yako maoni juu ya Wamormoni ambayo hurudiwa kwa wepesi kiasi kwamba ni nadra msemaji kuombwa ayathibitishe. Maoni hayo husema kwamba dini hiyo ni ya Wamarekani. Kwamba mambo yake hufanywa kwa siri na kwa hiyo hayawezi kuwa mema. Kwamba watu wanaokataa chai na kahawa hawana nafasi miongoni mwa wenyeji wanaosomesha watoto kwa mazao hayohayo. Na kwamba kimya cha viongozi wake katika siasa ni woga uliovikwa joho la utakatifu. Makala haya yanashikilia kwamba mashtaka hayo manne hayasimami, kwa kuwa kila moja, likipimwa kwa historia ya Meru na Embu zenyewe, huwaangukia kwanza wale wanaolitoa, na kwamba kelele zake zimelifunika swali moja zito ambalo Mwafrika yeyote ana haki ya kuliuliza kanisa hilo.

Jina la Wamormoni limetokana na Kitabu cha Mormoni, andiko ambalo waumini hulishika sambamba na Biblia na ambalo lilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2000. Jina rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu mwaka 2018 viongozi wake wamewahimiza watu waliache lile la mkato. Hapa linatumika kwa sababu ndilo linalojulikana na ndilo linaloshtakiwa. Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York mwaka 1830, likasajiliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, na kigingi chake cha kwanza nchini, yaani muungano wa makusanyiko kadhaa unaokaribia kuwa dayosisi ndogo, kikaundwa Nairobi mwaka 2001. Ni kanisa changa na dogo kwa Kenya nzima, na upande huo wa mlima ni dogo zaidi, jambo linalofanya ukali wa maneno yanayosemwa juu yake ustahili kuchunguzwa.

Shtaka la ugeni ndilo jepesi kuliko yote. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912 wakajenga Kaaga, wakitokea pwani ambako wenzao Waingereza walikuwa wameweka makao Ribe nusu karne kabla. Mapadri wa Consolata walitoka Turin, Italia. Waanglikana wa Kigari, Embu, walitumwa na shirika lenye makao London. Na Chogoria, iliyo kati ya Meru na Embu na ambayo hospitali yake imewatibu watu wa pande zote mbili, ilianzishwa na Waskoti mwaka 1922. Kahawa nayo, inayozungumzwa kana kwamba iliota pamoja na mlima, ilikuwa imezuiwa kwa Mwafrika na serikali ya kikoloni mpaka miaka ya 1930, wakati Meru, Embu na Kisii ziliporuhusiwa kupanda miche michache kwa majaribio, na hivyo ni mgeni aliyefika baada ya Wamethodisti wa Kaaga. Ikiwa miaka mia moja na kidogo imetosha kuufanya Umethodisti uwe mali ya Wameru, wenye maaskofu wao, nyimbo zao na chuo kikuu chao, basi kinachohitajika ili dini iwe ya wenyeji ni muda na watu wa kuishika, na hakuna dini iliyowahi kuwa navyo siku ya kwanza.

Shtaka la siri lina historia ndefu zaidi, na sehemu ya historia hiyo ina muhuri wa serikali. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Nicodemus Kirima, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nyeri, jimbo kuu ambalo majimbo Katoliki ya Meru na Embu yamo katika kanda yake. Wengi wa wajumbe walikuwa viongozi wa makanisa makubwa ya Kikristo. Ripoti ilikabidhiwa mwaka 1995 na kuwekwa wazi bungeni mwaka 1999, na ndani yake Wamormoni walitajwa, pamoja na Mashahidi wa Yehova, miongoni mwa makundi ambayo ibada hiyo ilidaiwa kuyatumia kama mlango. Kutajwa huko hakukuwa hukumu ya mahakama. Yalikuwa maoni ya watu wa makanisa yaliyokwishajikita kuhusu makanisa yaliyokuwa yakiingia, yaani ya mshindani juu ya mshindani mwenzake, na ni ajabu kwamba zaidi ya miaka ishirini baadaye bado yanarudiwa kama ushahidi na watu ambao hawajawahi kuisoma ripoti yenyewe.

Baada ya maafa ya Shakahola ya mwaka 2023, ambapo mamia ya wafuasi wa Paul Mackenzie walikutwa wamezikwa msituni katika Kaunti ya Kilifi, hofu iliyo nyuma ya shtaka hili ilipata nguvu mpya, na haiwezi kubezwa. Serikali iliunda jopo la kupitia sheria za mashirika ya kidini, likiongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, mtu wa Mbeere aliyekuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa kabla ya kuwa mbunge wa Gachoka na baadaye Mbeere Kusini. Lakini Shakahola inafundisha kinyume cha kile ambacho washtaki wa Wamormoni wanataka ifundishe. Mackenzie hakuwa mgeni wala hakuficha mafundisho yake. Alikuwa mhubiri wa Kenya aliyehubiri hadharani, hata kwa televisheni. Hatari ilitokana na mamlaka ya mtu mmoja asiyekuwa na wa kumhoji, na kipimo hicho, cha nani anamhoji kiongozi na fedha zinakaguliwa na nani, kitumiwe kwa kila kanisa, likiwemo la Wamormoni.

Kinachoitwa siri ni ibada za hekaluni. Wamormoni wana nyumba za aina mbili: nyumba za mikutano ya Jumapili, ambazo mtu yeyote huingia na kukaa, na mahekalu, ambayo baada ya kuwekwa wakfu huingiwa tu na muumini aliyehojiwa na viongozi wake na kupewa kibali. Wakenya waliotaka ibada hizo walilazimika kwa miaka mingi kusafiri hadi Johannesburg, mpaka hekalu la Nairobi, lililotangazwa mwaka 2017, lilipowekwa wakfu Mei 2025. Yanayofanyika ndani yanajulikana kwa ujumla wake: ndoa huunganishwa kwa imani kwamba haitavunjwa na kifo, na walio hai hubatizwa kwa niaba ya jamaa waliokufa, huku ikifundishwa kwamba marehemu ana hiari ya kupokea au kukataa. Anayeona jambo hilo kuwa la kutisha akumbuke kwamba katika nyumba za Embu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, ili yule mzee asipotee katika ukoo. Ibada hizi mbili si kitu kimoja, na mwanateolojia wa kanisa lolote anaweza kuupinga ubatizo wa wafu kwa hoja za Maandiko; lakini mtu aliyelelewa mlimani, akiambiwa kwamba walio hai wana wajibu kwa waliotangulia, hajasikia jambo geni.

Wala mlango uliofungwa si jambo geni Meru. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, huwapokea wanachama kwa kiapo na kwa taratibu ambazo asiyeingizwa hazijui, na bado ni chombo ambacho Wameru wamekikabidhi migogoro ya ardhi, mipaka na misitu kwa vizazi. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya ambaye wanafunzi wa lahaja za Kiswahili wanamfahamu kwa utafiti wake mwingine kabisa, alilitegemea baraza hilo katika utawala wa Meru katika miaka ya 1930 na 1940, na mwaka 1956 lilitumika kupiga marufuku ukeketaji wa wasichana, marufuku ambayo wasichana wengi waliikaidi. Mtu anaweza kulisifu au kulilaumu baraza hilo kwa maamuzi yake, kama inavyostahili, ila ni wachache wanaodai kwamba ni ovu kwa sababu tu kikao chake hakina watazamaji. Heshima hiyohiyo inanyimwa hekalu kwa sababu moja tu, kwamba wanaoingia humo ni wachache na hawana wa kuwasemea.

Shtaka la tatu ndilo linalogusa tumbo, na ndilo linalohitaji maelezo marefu. Neno la Hekima ni jina la sheria ya afya ambayo Wamormoni wanaamini ilifunuliwa kwa Joseph Smith huko Kirtland, Ohio, Februari 1833. Sheria hiyo inakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, ambavyo kanisa limevifasiri kuwa chai na kahawa, na inasifu nafaka, matunda na mboga. Kwa miongo mingi ilikuwa ushauri ulioshikwa kwa viwango tofauti. Ni katika miaka ya 1920, chini ya Rais wa kanisa Heber J. Grant, ndipo kuitii kulipokuwa sharti la kupata kibali cha hekaluni. Ikihamishiwa kwenye mteremko ambako viwanda vya Mungania na Rukuriri upande wa Embu, na Githongo, Imenti, Kionyo na Michimikuru upande wa Meru, hupokea majani ya chai ya maelfu ya wakulima wadogo, sheria hiyo huonekana kama tusi. Husemwa kwamba anayeikubali anawatukana wazazi waliomlipia karo.

Hoja hiyo inachanganya kunywa na kulima. Andiko la Neno la Hekima linazungumzia kinachoingia mwilini. Halisemi lolote juu ya anayelima au kuuza. Na mfano wa kuthibitisha kwamba mambo hayo mawili hutenganishwa kila siku uko Kenya hiihii: Waadventista Wasabato, ambao kanisa lao huwaasa waumini waepuke chai na kahawa, wamekita mizizi kwa zaidi ya karne moja katika nyanda za Kisii, mojawapo ya maeneo makubwa ya chai ya wakulima wadogo na ndilo lililoruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ileile ya 1930 pamoja na Meru na Embu. Chai ya Kisii haikung'olewa na Wasabato, na Wasabato hawakufukuzwa na chai.

Inafaa pia kutazama kazi yenyewe. Siku ya kupeleka kahawa kiwandani, familia huingia shambani mapema ikichuma punje nyekundu tu, kisha mchana huzimwaga juu ya gunia penye foleni ya mizani na kuzichambua kwa mkono, za kijani upande huu na zilizokauka upande ule, kwa sababu karani atakataa mzigo uliochanganywa; hupewa risiti ya kilo, na malipo huja miezi mingi baadaye yakiwa yamekatwa bei ya mbolea na madeni ya chama cha ushirika. Katika nyumba nyingi za wakulima hao kahawa haionekani mezani kabisa, kwa kuwa sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya huuzwa nje na kinachonywewa nyumbani ni chai ya maziwa. Kwa hiyo mkulima wa Embu asiyekunywa kahawa, awe Mormoni au asiwe, hana tofauti na jirani yake. Kilichomuumiza mkulima kinajulikana: mwaka 1989 mfumo wa migawo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliposambaratika, bei iliporomoka, vyama vikalemewa na madeni, na wengi Meru wakaipa kahawa kisogo wakageukia ng'ombe wa maziwa na miraa. Kumlaumu muumini anayekunywa uji kwa machungu hayo ni kumwacha mkosaji aende zake.

Chai ya mgeni ina uzito kuliko chai ya kiwandani, na hapa wakosoaji wana sehemu ya ukweli. Kukataa chai aliyoiinjika mwenye nyumba kwa ajili ya mgeni kunaweza kuonekana kama kuukataa ukaribisho wenyewe, na kijana aliyebatizwa jana ambaye anausukuma kando mkono wa nyanya yake kwa ukali wa kihubiri amekosa adabu, haijalishi anashika andiko gani. Lakini mlima ulikwishapita njia hiyo. Watu wa uamsho, walioenea katika makanisa ya Kianglikana, Kimethodisti na Kipresbiteri katikati ya karne ya 20, walikataa pombe ya muratina katika posa na mahari, na walisemwa maneno makali kuliko haya, kwamba wanavunja ukoo na kuwadharau wazee. Leo makreti ya soda hufika kwenye mahari na wazee huyapokea bila kuona kuwa mila imekufa. Uji wa wimbi, maziwa au kakao haviko katika katazo. Nyumba iliyoweza kumtafutia nafasi asiyekunywa pombe haitashindwa na asiyekunywa chai.

Kuhusu miraa, washtaki wamejichagulia uwanja mbaya kabisa. Miraa ya Igembe na Tigania, inayofungwa katika majani ya mgomba na kukimbizwa kutoka Maua hadi Nairobi kabla haijanyauka, na muguka wa Mbeere havikutajwa katika Neno la Hekima, ingawa mafundisho ya jumla ya kanisa hilo dhidi ya vitu vinavyomfunga mtu kwa uraibu yanaelekea kuvigusa. Waliovifungia milango kwa amri si Wamormoni. Uingereza ilipiga marufuku miraa Juni 2014. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, huku viongozi wa dini wa pwani wakiunga mkono, mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Nyumbani kwenyewe, wahubiri wa Kipentekoste na wa uamsho wamekemea utafunaji wa miraa kwa miaka mingi. Swali la kama ni halali kuuza usichokubali kukitumia ni swali zito la dhamiri, na litamkabili Mormoni wa Maua kama linavyomkabili mlokole wa Maua, ila hakuna anayemwambia mlokole kwamba kwa ajili hiyo si Mmeru.

Yamebaki mambo ya siasa. Kanisa la Wamormoni haliungi mkono chama wala mgombea na haliruhusu nyumba zake zitumike kwa kampeni, huku likiwahimiza waumini wapige kura na kugombea kwa hiari yao. Mshahara wa askofu wa kata, yaani kiongozi wa kusanyiko moja, haupo. Hufanya kazi yake ya kila siku na kuhudumu bila malipo. Jumapili hakipitishwi kikapu, kwa kuwa waumini hutoa zaka, sehemu ya kumi ya mapato, na sadaka ya mfungo inayotengwa kwa ajili ya maskini. Mfumo huo hauna upenu wa mwanasiasa kuingia na bahasha ya harambee, kushika kipaza sauti na kuondoka na kura. Makanisa makubwa yamefikia jambo hilo kwa kuchelewa na kwa maumivu: Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia madhabahuni mwaka 2021, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa Rais William Ruto uliokuwa umetolewa kanisani. Walisifiwa, na walistahili sifa. Haieleweki kwa nini jambo lilelile, likifanywa na Wamormoni kama kawaida yao, liitwe woga.

Jibu la wakosoaji huwa ni jina moja, David Gitari, na jina hilo ni la kuheshimiwa. Akiwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mount Kenya East, iliyoundwa mwaka 1975 na iliyojumuisha Embu na Meru, Gitari alihubiri waziwazi dhidi ya upigaji kura wa mlolongo na wizi wa kura wa mwaka 1988, na Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Wakati wa dhuluma kanisa lisilosema lolote hushiriki dhambi, na kutoegemea upande wowote hakuwezi kuwa kinga dhidi ya lawama hiyo. Wala kanisa la Wamormoni halijaishi sawasawa na kanuni yake, kwani mwaka 2008 lilijitosa California kuunga mkono Pendekezo la 8 dhidi ya ndoa za jinsia moja, kwa sababu, lilivyoeleza, hilo lilikuwa suala la maadili. Lakini Gitari alimkemea mtawala; hakumpigia debe mgombea, na ndiyo maana aliogopwa. Wanaolitumia jina lake kuhalalisha mimbari iliyokodishwa wakati wa uchaguzi wanalidhulumu. Barua ambayo viongozi wakuu wa Wamormoni waliwaandikia waumini wa Marekani Juni 2023, wakiwaonya dhidi ya kupigia chama kura kwa mazoea bila kumchunguza mgombea, ingesomwa kwa faida katika kaunti ambako chama kinachovuma hupewa nafasi zote sita kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi.

Swali ambalo mashtaka hayo yote yamelifunika linahusu rangi. Mwaka 1836 Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa katika ukuhani wa kanisa hilo; mwaka 1852 kiongozi wa pili, Brigham Young, alitangaza kwamba wanaume wa asili ya Kiafrika hawatapewa ukuhani, ambao kwa Wamormoni hupewa karibu kila mwanamume muumini, na wanaume na wanawake weusi wakazuiwa ibada za hekaluni zinazounganisha familia. Zuio hilo lilidumu hadi Juni 1978, wakati Rais Spencer W. Kimball alipotangaza ufunuo wa kuliondoa. Kati ya tarehe hizo walimu wa kanisa walilitetea kwa nadharia juu ya laana na juu ya maisha ya kabla ya kuzaliwa, nadharia ambazo kanisa lilizikana rasmi katika maelezo lililoyatoa Desemba 2013. Kwamba Mkenya mzaliwa wa Bungoma, Joseph Sitati, aliitwa mwaka 2009 kuwa miongoni mwa viongozi wakuu ni ushahidi wa umbali uliotembewa, lakini kukana nadharia si sawa na kuomba radhi kwa zuio lenyewe, na kwa hilo kanisa linadaiwa. Hakuna Mormoni anayeweza kulilipa deni hilo kwa kusema kwamba jirani yake anamchukia kwa sababu zisizofaa. Mtu wa Embu au Meru anayejifunza imani hiyo anastahili kuelezwa habari yote na wamisionari wenyewe, pamoja na miaka yake na majina ya waliohusika, kabla hajaulizwa kama yuko tayari kuacha chai.